Kijaluba cha fedha: nakshi inauza, kazi iko kwenye bawaba

Watu wakishika kijaluba cha fedha cha zamani wanatazama juu tu. Yale maua, yale majani yanayojisokota, vile vidoto vilivyojaza kila nafasi, mtu anapitisha kidole anasema mashaallah, anakirudisha mezani. Mie nakigeuza. Natazama nyuma kwenye bawaba, nakifungua taratibu, nakifunga, nasikiliza, afu ndo nageukia nakshi. Wenzangu wananicheka eti nakikagua kama mtu anayenunua mlango, lakini ukishavitengeneza mwenyewe huwezi tena kuanzia juu kwa sababu unajua fundi alikesha wapi.

Naandika kwa urefu leo maana kila nikionyesha kazi naulizwa mchoro nautoa wapi, nanakshi kwa chuma gani, weusi ule nautiaje, na hakuna anayeuliza kifuniko kinakaaje mahali pake bila kuyumba. Haya, leo mtasoma ya kifuniko mpaka mchoke.

Kwa waliozaliwa juzi: kijaluba ni kile kisanduku kidogo cha madini ambacho bibi zetu walikuwa wanawekea uraibu, yaani tambuu, popoo, chokaa, katu, na tumbaku kwa anayekula. Vingi vilikuwa vya shaba, wenye nazo walikuwa navyo vya fedha. Mgeni akija kinafunguliwa, kinasogezwa mbele yake, mazungumzo yanaanzia hapo. Siku hizi uraibu umepungua, na kusema kweli vizuri tu, popoo inaleta saratani ya mdomo na hilo halina ubishi tena, kwa hiyo wanaoniagiza mie wengi wanawekea pete, udi, mkufu wa marehemu mama, na wengine hawawekei kitu, wanataka kiwepo tu juu ya kabati.

Mtindo ninaoufuata ni wa karne ya 19 kuja mwanzoni mwa ya 20, ule wa pwani yetu, na huo si wa mtu mmoja. Kuna mkono wa Oman ndani yake. Ukienda Nizwa kwenye soko la fedha utaona zile hirizi zao, visanduku bapa vya kuvaliwa kifuani kwa mkufu, vimewekewa karatasi ya aya ndani, kwa chini vinaning'inia vijinyororo na vikengele, na nakshi yake ni ya adabu sana, mistari, pembe, duara, maua madogo, na nafasi tupu wanaiacha makusudi. Baadhi wamebandika jani la dhahabu juu ya fedha. Afu kuna mkono wa Kutch, kule Gujarat, India, na hao hawaachi nafasi tupu hata ya kutia ncha ya sindano. Fundi wao anayejulikana kuliko wote ni Oomersi Mawji wa Bhuj, alifanya kazi nusu ya pili ya karne ya 19, kazi yake utaijua kwa chapa ya OM na jina la Bhuj, na hata bila chapa utaijua kwa yale majani yanayopanda juu kabisa kutoka kwenye bati mpaka unataka kuyachuma.

Sasa Wakutch na Zanzibar ni habari ndefu, maana hata forodha ya hapa kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, watu wa Mundra kule kule Kutch. Walikuja wafanyabiashara, wakaja na masonara. Wakakuta Waarabu wanataka vitu vya Kiarabu na Waswahili wanataka vipuli, mitali, kekee na vikuku vya kwao, basi sonara mmoja anakaa kibarazani asubuhi anatengeneza kitu cha Oman na jioni cha Lamu, na mkono wake ni ule ule wa Kutch. Ndo maana unakuta kijaluba umbo lake la Oman, majani yake ya Bhuj, na pembeni kimezungushiwa ule mnyororo uliochongwa kwenye fremu za milango ya Mji Mkongwe. Nikisikia mtu anabishana kwamba kijaluba fulani ni cha Kiarabu hasa au cha Kihindi hasa naondoka zangu, wallahi.

Fedha yenyewe ilitoka wapi? Kwenye reale. Huku kwetu hakuna machimbo ya fedha, sonara alikuwa anayeyusha sarafu, na sarafu iliyokuwa imejaa kote, Uhabeshi, Yemen, Oman, mpaka huku, ni reale ya Shamu, ile yenye sura ya Maria Theresa, yule malkia mnene wa Austria. Ina gramu 28 na kidogo, fedha safi ndani yake ni gramu 23.4 hivi, iliyobaki shaba. Kwa hesabu ni 833 kwa elfu.

Na hapa nitie la moyoni. Kila wiki kuna mtu ananionyesha kitu kimepachikwa reale, ananiambia tazama, mwaka 1780, kitu hichi kina miaka zaidi ya mia mbili. Jamani. Maria Theresa alikufa 1780, na baada ya hapo sarafu yake ikaendelea kupigwa na mwaka ule ule, sura ile ile, kwa sababu wafanyabiashara wa huku walikuwa hawataki nyingine. Imepigwa Vienna, imepigwa Roma miaka ya 1930 pale Mussolini alipokuwa anaivamia Uhabeshi, imepigwa London, Bombay, Birmingham, zote zimeandikwa 1780. Kwa hiyo mwaka ulio kwenye reale haukwambii chochote kuhusu umri wa kisanduku, unaweza ukakuta cha 1955 na reale yake inang'aa 1780. Muuzaji anajua. Anayedanganywa ni mnunuzi tu.

Watu wananiuliza pia kama nayeyusha reale kama wazee. Hapana. Kwanza inauma kuyeyusha sarafu ile. Pili hesabu haikai: mie natumia fedha ya 925, ndo inayokubalika sokoni na ndo nikigonga chapa naweza kusimama nayo, na ili reale moja ifike 925 inabidi uitilie gramu 34 za fedha safi, yaani unaongeza nyingi kuliko ile uliyoanza nayo. Tatu ile 833 ina shaba nyingi, ukiifua inakakamaa haraka, ukiipasha moto inatoa madoa ya zambarau yanayojificha chini ya ngozi, unang'arisha unadhani yameondoka, kesho yanakutazama. Wazee walikuwa na dawa yake: wanaipasha, wanaichemsha kwenye maji ya shabu au ya ndimu, wanaipasha tena, wanaichemsha tena, shaba ya juu inaliwa inabaki ngozi nyembamba ya fedha tupu, nyeupe kama maziwa. Kazi nzuri, ila ukija na brashi ya mashine umeiondoa yote kwa dakika moja. Mie najikinga mapema tu, naipaka asidi ya boriki iliyokorogwa kwenye spiriti kabla ya moto.

Kijaluba changu cha kawaida ni sentimita 8 kwa 5, kimo 2 na nusu. Bati la milimita 0.8. Ukipiga hesabu ya pande zote sita ni gramu 120 hivi kabla ya bawaba na ukingo, yaani reale nne na ushee, na ndo nilipoelewa kwa nini bibi zetu walikuwa wanavifungia kabatini na ufunguo wanautia kwenye pindo la kanga.

Nayeyusha kwenye kikombe cha udongo mgumu na boraksi kidogo, fedha safi inayeyuka kwenye nyuzi 962 na hii ya 925 chini kidogo ya hapo, namimina kwenye kalibu ya chuma niliyoipasha moto na kuipaka mafuta, maana ukimimina kwenye kalibu ya baridi inarusha. Halafu ni kufua, kupasha, kuzamisha majini, kufua. Bati nalimalizia kwenye rola ya mkono. Wazee walifua mwanzo mwisho kwa nyundo na ukikishika kijaluba cha zamani kwenye mwanga wa pembeni utaona kwa ndani bati halikunyooka, lina mawimbi madogo madogo. Mie sijidai, rola inaniokolea mabega.

Kuipasha kunahitaji giza. Ukiwa kwenye jua huoni rangi, ukishaiona nyekundu kwenye jua ujue imeshaanza kuyeyuka. Nafunga dirisha, nasubiri wekundu ule hafifu, ule ambao hujui kama umeuona au umejidhania, hapo naondoa moto.

Sasa kisanduku. Watu wengi wanadhani unatengeneza mwili, afu unatengeneza kifuniko, afu unavikutanisha. Ukifanya hivo havitokutana hata siku moja, kimoja kitakuwa kikubwa nusu milimita, pembe moja itakuwa imeinuka, utapiga tupa mpaka bati liishe. Njia ni kutengeneza boksi zima lililozibwa pande zote sita, halina mlango halina dirisha, afu unalikata kwa msumeno. Kifuniko kinatoka kwenye mwili wake mwenyewe, pembe kwa pembe. Mzee aliyenifundisha alikuwa anasema kifuniko hakitengenezwi, kinazaliwa.

Ubavu naukunja kutoka kwenye utepe mmoja. Kila pembe napiga mfereji wa pembe tatu kwa tupa mpaka bati limebaki jembamba sana, ukigeuza nyuma unaona alama ya mstari imeanza kutokeza, hapo unakunja kwa mkono pembe inatoka kali, unaipitishia lehemu kwa ndani. Afu kitako, afu juu. Na kabla ya kuziba ule upande wa mwisho lazima utoboe tundu dogo, ukubwa wa sindano ya kushonea tu. Hewa iliyozibwa ndani ikipata moto inatanuka, na kisanduku kilichozibwa kabisa kikipigwa moto kinaweza kukupasukia usoni, hilo si la mchezo. Lile tundu naliweka pale pale msumeno utakapopita baadae, kwa hiyo nikikata linaondoka na unga wa fedha, hutolikuta popote. Ukishika kijaluba na ukaona kitundu kimezibwa kitakoni ujue fundi alikuwa na haraka.

Lehemu zenyewe zina zamu. Kuna ngumu, ya kati na laini, kila moja inayeyuka kwenye joto la chini kuliko iliyotangulia, unaanza na ngumu kwenye pembe unamalizia na laini kwenye bawaba. Ukigeuza zamu, ukipasha bawaba pembe zinafunguka.

Baada ya kukata kunabaki mdomo mtupu juu na mdomo mtupu chini, vinatelezeana. Kwa ndani ya mwili nalehemu ukingo, utepe wa nusu milimita unaochomoza juu kama milimita mbili, kifuniko ndo kinaingia juu yake. Huo ukingo ukiwa wima sawasawa kifuniko kinateleza chini na mwisho kinatoa mlio mdogo, tk. Ukiwa umelegea hakitoi. Ukiwa umebana unalazimika kukifungua kwa kucha na nakshi yako inaishia kuchunwa na kucha za watu. Ule mlio unapatikana kwa kupaka wino, kufunga, kufungua, kutazama wino umegusa wapi, kupitisha tupa mara moja, kupaka tena. Hamna njia ya mkato, nimeitafuta.

Na sasa ndo tumefika.

Bawaba ya kijaluba ni vibomba vitano vidogo vilivyopangwa mstari mmoja nyuma ya kisanduku, cha kwanza cha tatu na cha tano vimeshikwa na mwili, cha pili na cha nne vimeshikwa na kifuniko, na uzi mmoja wa chuma au fedha umepita katikati ya vyote. Ni hiyo tu. Ukieleza inachukua nusu dakika. Kuitengeneza inakula muda kuliko nakshi ya kifuniko kizima, na nakshi ukikosea kidogo unageuza jani kuwa ua, bawaba haina pa kugeuzia.

Kibomba unakitoa kwenye utepe. Unaukunja urefu wake kwenye mfereji wa mbao kwa nyundo mpaka umejikunjakunja kiasi, unauchonga ncha, unaupitisha kwenye chamburo, kile kipande cha chuma chenye matundu, tundu baada ya tundu, kila tundu dogo kuliko la mwanzo, unavuta kwa koleo umekanyaga mguu ukutani, mpaka kingo mbili zimekutana na bomba limekuwa la milimita 3. Unakata vipande. Kila kipande kichwa chake lazima kiwe mraba kabisa na bomba, maana kikiwa kimeinama hata unywele, vikipangwa vitano unywele ule unakuwa mara tano.

Afu kwenye mgongo wa kisanduku, kikiwa kimefungwa, unachimba mfereji kwa tupa ya mviringo, nusu yake kwenye kifuniko nusu kwenye mwili, vibomba vikilala vizame nusu. Unavipanga juu ya waya wa chuma uliouchoma ukawa mweusi ili lehemu isiushike. Unafunga kisanduku kizima kwa waya mwembamba kisicheze. Unaweka chembe ya lehemu, chembe kweli, kama ya chumvi, kila kibomba upande wake: huyu chini, huyu juu, huyu chini. Na katikati ya kila kibomba na mwenzake unapaka chokaa iliyokorogwa na maji ili lehemu ikiyeyuka isivuke kwenda kwa jirani, kwa sababu lehemu inafuata moto, haikusikilizi wewe, na ikishavuka mara moja bawaba imekuwa kipande kimoja, kisanduku chako kimezibwa milele.

Unapiga moto kidogo tu vibomba vijishike. Unachomoa waya. Unatenganisha kifuniko na mwili, na hapo ndo utajua, kwa kuwa ama kitaachana ama hakitaachana. Kikiachana unashukuru Mungu, unamalizia lehemu kila upande peke yake.

Kitu kingine ambacho hakuna anayekiona: kifuniko kikifunguliwa kisimame wapi? Kibaya kinaangukia nyuma kinagonga meza, bawaba inabeba uzito wote, baada ya miaka inalegea. Kizuri kinafunguka kupita wima kidogo, kinasimama chenyewe, kwa sababu ule ukingo wa nyuma wa kifuniko na wa mwili vinakutana na kuzuiana. Fundi ameacha nyama pale makusudi. Hiyo haionekani kwenye picha, na ndo maana wanaonunua kwa picha hawaijui.

Kuna bi mkubwa mmoja aliniletea kijaluba cha mama yake. Nikamwamkia, "Shikamoo bi mkubwa," akanijibu, "Marahaba mwanangu, nasikia wewe ndo unaoponya hivi." Kifuniko kilikuwa mbali mwili mbali, vyote amevifunga kwenye leso. Uzi wa bawaba ulikuwa umelika ukakatika, basi. Vile vibomba vitano vyote vilikuwa salama, havijayumba hata kimoja, na kwa ndani kwenye ukingo fundi alikuwa ameweka alama, mikwaruzo miwili juu na mikwaruzo miwili chini, ili asichanganye kifuniko hichi na cha kisanduku kingine alichokuwa anakitengeneza wakati ule ule. Niliwaza sana ile mikwaruzo miwili. Kumbe kulikuwa na chenye mmoja na labda chenye mitatu, viko kwenye nyumba za watu au vimeshayeyushwa. Nikavuta uzi mpya wa fedha, nikaupitisha, nikazipiga ncha zake kidogo zisitoke, kazi yangu yote ilikuwa hiyo. Nikamuuliza nikisafishe? Akasema, "Mwanangu, weusi wake uache. Mama aliushika miaka yote hiyo, ukiutoa unanitolea mama." Nikauacha.

Nakshi sasa, maana najua mliivumilia habari ya bawaba kwa ajili ya hii.

Kuna kugonga na kuna kukata, na watu wanachanganya. Kugonga ni vile visumari vya chuma butu, unalaza bati kwenye lami iliyopashwa moto, unalisukuma kutoka nyuma likavimba, unaligeuza unalirudisha kutoka mbele, fedha haipungui hata chembe, inahama tu. Majani ya Bhuj yote ni kugonga. Kukata ni kipatasi chenye ncha kali, unakisukuma kwa kiganja kinatoa uzi wa fedha, na hapo imeondoka, hairudi. Nakshi ya kugonga lazima uifanye kabla ya kujenga kisanduku. Ya kukata naifanya mwishoni kabisa, kila kitu kimeshalehemiwa, kwa sababu moto na kusugua kunafuta makali ya mistari na mstari uliofutika makali unakuwa kovu tu.

Lakini kisanduku kikishakuwa kitupu ndani kifuniko kinatetemeka chini ya kipatasi. Kwa hiyo nachonga kipande cha mbao kinachoingia ndani yake barabara, nakiweka, kifuniko kinapata cha kuegemea. Kisanduku kizima kinakaa juu ya mfuko wa ngozi uliojazwa mchanga, na siri yote ni kwamba mkono wa kulia unasukuma tu, mkono wa kushoto ndo unaozungusha kazi. Ukiona mstari wa mviringo uliolainika usisifu mkono wa kulia.

Vidoto vile vya nyuma ya maua navipiga kwa kisumari kimoja kimoja. Wanaoanza wanaviruka kwa kuwa vinachosha, na wanashangaa mbona ua lao limelala. Ua halinyanyuki kwa kulikata zaidi, linanyanyuka kwa kuififisha ile ardhi inayolizunguka. Nikitia yungiyungi katikati, lile la milangoni, petali zake nazikata kwa kipatasi nilichokisugua mpaka uso wake ni kioo, basi kila mkato unang'aa wenyewe bila kung'arishwa, ukigeuza kisanduku mwanga unaruka kutoka petali moja kwenda nyingine. Pembeni mnyororo. Kwenye ubavu sitii kitu kingi, hapo namfuata Muomani.

Mchoro sitoi kwenye simu. Natembea na karatasi na penseli, milango haijakimbia.

Kuhusu weusi. Fedha inapiga weusi kwa salfa iliyo hewani, pwani ndo zaidi, na kisanduku kipya kikishikwashikwa kila siku kwa miaka kinapata weusi mashimoni na mng'ao kwenye migongo ya maua, ndo sura watu wanayoipenda. Unaweza kuitia kwa dakika tano kwa dawa ya salfa na maji moto. Naitia kidogo kwenye nakshi ili isomeke, sioni ubaya. Ubaya ni mwengine. Kuna mfanyabiashara mmoja wa vitu vya kale, simtaji, aliniagiza vijaluba kadhaa kwa sharti kwamba nisigonge chapa yoyote, nitie weusi mpaka kwenye bawaba, na nivikwaruze kitakoni. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri kuliko ninayopata kwa mtu yeyote. Nilijua vinakwenda wapi, vinakwenda kwenye kabati la kioo vimeandikwa karne ya 19, Sultani gani sijui, mtalii anatoa pesa ya likizo nzima. Nikakataa, tukaachana kwa maneno si mazuri, na mpaka leo tukikutana njiani anatazama simu yake.

Kazi zangu zote zina 925 na mwaka kwa ndani ya kifuniko. Wateja wengine hawapendi, wanasema mwaka unaharibu ladha ya uzee. Oomersi Mawji aligonga chapa yake na hakuna anayemlalamikia.

Bei basi, maana ndo swali la mwisho siku zote. Fedha naihesabu kwa gramu kwa bei ya siku ile, mteja anaiona kwenye mzani, hapo hatubishani. Ufundi ni mara kadhaa ya hiyo na hapo ndo mabishano. Mtu ananiambia dukani mtaa wa Gizenga, hapa Mji Mkongwe, kuna kisanduku cha robo ya bei yangu. Kipo kweli, nimekiona, ni shaba iliyopakwa fedha na nakshi yake imepigwa kwa mashine, kila ua ni lile lile mpaka kasoro zake ni zile zile. Namwambia akifungue na kukifunga mara tatu halafu aje tuongee.

Niliyonayo mezani sasa hivi ni oda ya harusi, kikubwa kidogo, vyumba vitatu ndani na kikopo cha chokaa kinachotoka chenyewe, bibi wa bwana harusi ndo aliyetaka kiwe cha uraibu kweli na si cha mapambo, amekula tambuu tangu ujana hana mpango wa kuacha. Kifuniko cha kile kikopo bado nabishana nacho, cha kubana kinaingiza unga wa chokaa kwenye ukingo kinakwama, cha kusokota kinataka hesi nyembamba kwenye bati ambalo halina unene wa kubeba hesi. Nadhani nitalehemu pete nene kidogo mdomoni nikate hesi kwenye hiyo. Kesho nitajua.